Chagua Pikipiki kwa Penseli

Katika madarasa ya kisomo ninasikia swali moja mara kwa mara. Nimelisikia Changarawe, nimelisikia Mlali, nimelisikia Sangasanga. Mtu anamaliza zoezi lake, anafunga daftari, kisha anauliza: "Mwalimu, nataka kununua pikipiki ya kwendea kazini. Pikipiki ipi ni nzuri?"

Zamani nilikuwa najibu haraka. Nilitaja jina la pikipiki niliyoiona barabarani siku hiyo, basi. Siku hizi sijibu hivyo. Siku hizi nasema: "Mzee wangu, fungua tena daftari. Mama yangu, chukua penseli. Tuanze na hesabu."

Wengine hucheka. Husema, "Mwalimu, mimi nataka pikipiki, wewe wanirudisha darasani!" Ni kweli, nawarudisha darasani. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni wakubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo nasema kwa heshima. Lakini nasema wazi. Maoni yangu ni haya: pikipiki huchaguliwa kwa penseli, si kwa macho.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kwetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ile wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo bora cha pamba, cha migomba na ufugaji bora. Elimu hiyo iliitwa kisomo chenye manufaa. Maana yake, mtu asome jambo litakalomsaidia kesho yake asubuhi. Leo katika vijiji vyetu pikipiki imekuwa jambo kubwa. Inabeba wagonjwa, inabeba mboga, inabeba wafanyakazi. Pia inakula fedha, na mara nyingine inakula watu. Basi na tuisome pikipiki kama wazee walivyoisoma pamba.

SAFARI YAKO NI IPI?

Jambo la kwanza la kuandika katika daftari si jina la pikipiki. Andika safari yako.

Andika unatoka wapi na unakwenda wapi. Andika ni kilomita ngapi. Andika barabara ni ya lami au ya udongo. Andika kama kuna mlima. Andika unabeba nini, na unarudi saa ngapi.

Tutazame safari mbili za hapa kwetu.

Safari ya kwanza ni ya mtu anayekaa Mzumbe na kufanya kazi Morogoro mjini. Kutoka Mzumbe anashuka mpaka Sangasanga, kama kilomita 4. Hapo anaingia barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Safari yote mpaka mjini ni kama kilomita 20. Barabara kuu ni ya lami na haina milima mikali. Lakini ina malori makubwa yaendayo Iringa, Mbeya, Zambia na Kongo. Mtu huyu hahitaji pikipiki ya kupanda milima. Anahitaji pikipiki isiyokula mafuta mengi, yenye breki nzuri, taa nzuri na vioo viwili vya kutazama nyuma.

Safari ya pili ni ya mtu anayekaa juu Mgeta na kushuka kila siku na kabichi au karoti. Barabara yake inapanda na kushuka katika milima ya Uluguru. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo huteleza kama sabuni. Mtu huyu anahitaji injini yenye nguvu zaidi, tairi zenye meno na keria madhubuti.

Waona, ndugu msomaji? Watu wawili, safari mbili, pikipiki mbili. Mtu wa Mzumbe akiiga pikipiki ya mtu wa Mgeta, atalipa petroli ya bure. Mtu wa Mgeta akiiga pikipiki ya mtu wa Mzumbe, atasukuma pikipiki mlimani huku mboga zinanyauka.

CC NI NINI?

Ukienda dukani utasikia: "Hii ni cc 100. Hii ni cc 125. Hii ni cc 150." Wengi huitikia kwa kichwa tu kwa sababu wanaona aibu kuuliza. Usione aibu.

Cc ni kipimo cha ujazo. Ni nafasi iliyo ndani ya injini, mahali petroli na hewa vinapowaka. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Chupa hiyo ina cc 500. Gawanya mara nne, utapata cc 125. Basi injini ya cc 125 ina nafasi sawa na robo ya chupa hiyo. Ndogo hivyo, lakini inambeba mtu mzima mpaka mjini.

Cc zikiwa nyingi, kwa kawaida nguvu huongezeka. Petroli inayotumika nayo huongezeka. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini kwenye barabara ya lami, cc 100 au 125 zinatosha. Kwa mtu anayebeba mzigo na kupanda mlima kila siku, cc 150 zina maana.

Vijana watakuambia kwamba pikipiki ndogo ni ya watu wa chini. Si kweli. Huko Japani, mwaka 1958, kampuni ya Honda ilianza kuuza pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya cc 50 tu. Ilikuwa na sehemu ya chini ya kupitisha miguu, hivyo hata aliyevaa gauni aliweza kuipanda bila shida. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Dunia nzima imekwenda kazini kwa pikipiki ndogo.

Pima pia urefu wa kiti. Kaa juu ya pikipiki ikiwa imesimama. Miguu yako yote miwili ifike chini vizuri. Kama unagusa kwa vidole tu, pikipiki hiyo ni ndefu kwako. Siku utakaposimama ghafla kwenye matope, itakuangusha. Akina mama, msikubali kuambiwa "utazoea". Chagueni inayowafaa.

HESABU YA PETROLI

Sasa tuhesabu. Tuchukue mtu wetu wa Mzumbe. Anakwenda kilomita 20 na kurudi kilomita 20. Kwa siku ni kilomita 40. Kwa mwezi anakwenda kazini siku 20.

40 × 20 = 800

Basi kwa mwezi anakwenda kilomita 800.

Tuseme pikipiki ndogo inakwenda kilomita 50 kwa lita moja. Pikipiki kubwa inakwenda kilomita 32 kwa lita moja.

Pikipiki ndogo: 800 ÷ 50 = lita 16
Pikipiki kubwa: 800 ÷ 32 = lita 25

Tofauti ni lita 9 kila mwezi. Bei ya petroli hubadilika. EWURA hutangaza bei za juu kila mwezi, nawe weka bei ya siku unayosoma. Kwa mfano wetu tutumie shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi.

9 × 3,000 = 27,000 kwa mwezi
27,000 × 12 = 324,000 kwa mwaka

Shilingi 324,000! Fedha hizi zingenunua sare na madaftari ya watoto, au mabati ya kuezekea jiko. Mwenye pikipiki kubwa anazimwaga barabarani, naye hajui, kwa sababu zinatoka kidogo kidogo.

Lakini petroli si gharama yote. Andika katika daftari lako mistari hii mitano:

1. Petroli ya mwezi mmoja.
2. Oili ya injini.
3. Fundi na vipuri.
4. Bima ya mwaka, gawanya kwa 12.
5. Akiba ya tairi na cheni.

Jumlisha. Halafu, pembeni, andika nauli ya daladala kwa siku 20, kwenda na kurudi. Linganisha. Ikiwa nauli ni ndogo kuliko jumla yako, jiulize kama muda unaookoa una thamani ya tofauti hiyo. Kwa mama anayetaka kufika nyumbani kabla ya giza ili awapikie watoto, huenda muda huo una thamani kubwa. Kwa mtu mwingine huenda hauna. Na kwa mwenye safari ya kilomita 3 au 4 tu, baiskeli bado ni chombo cha heshima.

Neno moja zaidi juu ya petroli. Nunua kwenye kituo cha mafuta, mbele ya pampu, usome tarakimu mwenyewe. Usizoee petroli ya chupa, na usiiweke ndani ya nyumba unamolala. Petroli ya chupa haina kipimo cha hakika, na mvuke wake hushika moto hata kabla moto haujaigusa. Sisi watu wa Morogoro tulilijua jambo hili kwa machozi. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu walikwenda kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulilipuka, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Waliochota walitaka lita chache tu. Tusisahau.

PIKIPIKI YA MTAANI INA FUNDI MTAANI

Nimesema tusiige. Lakini kuna jambo moja ambalo kuiga kuna faida. Jambo hilo ni vipuri.

Nenda kwenye kijiwe cha bodaboda, tuseme pale Sangasanga. Usiulize ipi inakimbia. Hesabu. Boxer ni ngapi? TVS ni ngapi? Za Kichina ni ngapi? Zile zilizo nyingi, vipuri vyake vipo kwenye duka la karibu, na fundi wa kijijini anaijua injini yake. Ile iliyo peke yake, hata kama ni nzuri sana, siku ikikatika kebo ya klachi utaagiza Dar es Salaam na kungoja. Ukingoja wiki moja, umekwenda kazini kwa nauli wiki nzima.

Uliza bei ya vitu vitano kabla ya kununua: tairi, cheni na sproketi zake, plagi, kebo ya klachi, na viatu vya breki. Andika bei zote. Duka likikosa vitu vitatu kati ya hivyo, iache pikipiki hiyo.

Na kile kitabu kidogo kinachokuja na pikipiki mpya, usikitupe. Wengi hufungia karanga. Humo mmeandikwa oili ibadilishwe baada ya kilomita ngapi na tairi zijazwe upepo kiasi gani. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza, usiogope. Tarakimu ni zile zile ulizojifunza darasani. Tazama na tairi lenyewe. Limeandikwa, kwa mfano, 3.00-17. Hiyo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijua kuisoma, hakuna atakayekuuzia tairi la rimu 18.

ILIYOTUMIKA: SOMA KADI KWANZA

Pikipiki iliyotumika bei yake ni nafuu. Sisemi usiinunue. Nasema usitoe fedha kabla hujasoma kadi.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili nilipoanza kazi. Nilikuta pikipiki ndefu, nyekundu, inang'aa. Muuzaji alisema ina cc 200 na kadi iko nyumbani kwa kaka yake, ataileta kesho. Nilitazama rangi, nikalipa. Kesho haikufika. Kadi ilipopatikana, baada ya miezi miwili, ilikuwa na jina la mtu wa tatu, wala si muuzaji wala si kaka yake. Ilibidi nimtafute mtu huyo mpaka mkoa mwingine. Miezi yote hiyo pikipiki ililala nyumbani, nami nikawafuata wanafunzi wangu kwa miguu. Mwalimu wa kusoma, na sikusoma! Ndiyo maana leo nasema kwa uchungu.

Fanya hivi. Shika kadi mkononi. Soma namba ya usajili. Sasa soma namba iliyo nyuma ya pikipiki. Je, zinalingana? Soma namba ya injini kwenye kadi. Kisha piga magoti, futa vumbi, soma namba iliyochongwa kwenye injini. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya chesisi. Soma herufi moja moja na tarakimu moja moja, kama ulivyosoma siku ya kwanza darasani. Kama namba moja imekwaruzwa au haifanani, rudi nyumbani na fedha zako.

Soma jina la mwenye kadi. Mwombe muuzaji kitambulisho chake. Majina yafanane. Mwandikiane hati ya mauziano mbele ya mashahidi. Kisha nenda TRA, umiliki uhamishwe uwe kwa jina lako. Kuwa na kadi yenye jina la mtu mwingine ni kama kulima shamba la mtu. Siku atakapolitaka, utabaki na jembe.

Washa injini ikiwa baridi. Ikitoa moshi wa bluu, inachoma oili, na matengenezo yako mbele yako. Jaribu kiki, si selfu peke yake, maana betri ikifa kiki ndiyo itakayokufikisha nyumbani. Nenda na fundi unayemwamini wewe. Usikubali fundi wa muuzaji.

MKATABA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Katika darasa langu moja alikuwapo baba mmoja, mlinzi wa usiku mjini. Nauli ilimshinda. Mtu mmoja mwenye fedha akampa pikipiki kwa mkataba. Bei ya pikipiki hiyo dukani ilikuwa shilingi 2,600,000. Mkataba ulisema alipe shilingi 10,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, kwa miezi 14. Baada ya hapo pikipiki iwe yake. Usiku alikwenda nayo kazini. Mchana alibeba abiria ili apate ile elfu kumi.

Siku ya kuandikiana alikuwa bado hajui kusoma. Alisomewa ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili hakusomewa. Alitia dole gumba.

Alilipa miezi 11 bila kukosa. Mwezi wa 12 akaugua. Alilala wiki mbili. Mwenye pikipiki akaja na kuichukua. Kwenye ukurasa wa pili iliandikwa kwamba mlipaji akikosa siku 7 mfululizo, pikipiki itarudi kwa mwenyewe na fedha zilizolipwa hazitarudishwa.

Tuhesabu pamoja.

10,000 × 26 = 260,000 kwa mwezi
260,000 × 11 = 2,860,000

Baba huyu alikuwa ameshalipa shilingi 2,860,000. Pikipiki dukani ni 2,600,000. Alikuwa amelipa zaidi ya bei yake, na akabaki hana pikipiki. Alipokuja darasani hakuomba kujifunza barua wala magazeti. Alisema, "Mwalimu, nifundishe kusoma mkataba." Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Alijifunza.

Sisemi kila mkataba ni mtego. Mtu asiye na mtaji hupata chombo, na mwenye mtaji hupata faida. Wapo waliomaliza mikataba yao salama. Lakini mikataba mingi huandikwa na upande mmoja, na upande wa pili hutia dole tu. Hilo sikubaliani nalo. Mkataba usomwe wote, kwa sauti, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Kila mmoja abaki na nakala. Uandikwe nini kitatokea mlipaji akiugua, pikipiki ikiibiwa, au ikipata ajali. Mtu aliyelipa zaidi ya nusu asipoteze yote kwa sababu ya homa ya wiki mbili. Kama mwenye mali anakataa kuongeza maneno hayo, basi amekuonyesha nia yake mapema. Mshukuru, uondoke.

Tena hesabu jumla kabla hujakubali. Kwa mkataba ule:

260,000 × 14 = 3,640,000
3,640,000 − 2,600,000 = 1,040,000

Hiyo 1,040,000 ndiyo bei ya kutokuwa na akiba. Na hapa ndipo ilipo tofauti kubwa ambayo wengi hawaioni. Pikipiki ya bodaboda hujilisha yenyewe, maana abiria analipa. Pikipiki ya kwendea kazini hulishwa kutoka mfukoni mwako. Kama huibebei abiria, malipo ya kila siku yatakula mshahara mpaka mfupa. Kwa mtu huyo nashauri aweke akiba kwanza, katika SACCOS au katika kikundi cha VICOBA, apande daladala mwaka mmoja zaidi, halafu anunue taslimu. Najua kungoja ni kugumu. Kunyang'anywa ni kugumu zaidi.

KOFIA NGUMU NI SEHEMU YA BEI

Mtu ananunua pikipiki kwa fedha yote aliyo nayo. Akifika nyumbani hana fedha ya kofia ngumu, ya leseni wala ya bima. Anasema, "Nitanunua mwezi ujao." Anapanda barabara kuu pamoja na malori, kichwa wazi.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia ngumu iliyo bora, ikivaliwa vizuri, hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 40, na hatari ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Kuvaliwa vizuri maana yake ni mkanda kufungwa chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla yako.

Basi usiseme, "Nina milioni mbili na laki sita, nitanunua pikipiki ya milioni mbili na laki sita." Kwanza toa bei ya kofia mbili, yako na ya abiria wako. Toa gharama za mafunzo na leseni ya udereva ya daraja la A. Toa bima. Kinachobaki ndicho cha kununulia pikipiki. Kama kinachobaki kinatosha pikipiki ndogo tu, nunua ndogo. Kama hakitoshi, ngoja.

Ukishaipata, penye makazi ya watu usizidi kilomita 50 kwa saa, ndivyo inavyoagizwa. Beba abiria mmoja tu. Usipakie mishikaki, hata kama ni watoto wako mwenyewe. Na kama unatoka kazi ya usiku huku macho mazito, lala kwanza. Hakuna injini inayomwamsha dereva.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, hujaona nikikutajia pikipiki moja iliyo bora kuliko zote. Haipo. Ipo iliyo bora kwa safari yako, kwa mfuko wako, kwa urefu wa miguu yako na kwa fundi wa kijiji chako. Muuzaji hawezi kukujulisha hiyo, kwa sababu hajui safari yako. Jirani hawezi, kwa sababu hajui mfuko wako. Unayejua ni wewe.

Miaka michache iliyopita labda ungesema, "Mimi sijui kusoma, nisomeeni." Leo unasoma ukurasa huu. Basi hakuna tena sababu ya kutia dole kwenye karatasi usiyoijua. Yule baba mlinzi sasa anaweka akiba upya. Safari hii daftari lake lina mistari yote mitano, na kila mwezi huniletea nilikague. Hesabu zake hazina kosa. Bado anapanda daladala. Lakini hana deni, na siku atakaponunua pikipiki, kadi itakuwa na jina lake, na atalisoma mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Safari yako ya kila siku ni kilomita ngapi? Kwa mwezi ni ngapi?
2. Pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita moja. Kwa safari yako itatumia lita ngapi kwa mwezi? Tumia bei ya petroli ya leo kupata gharama.
3. Katika kijiji chenu kuna aina gani za pikipiki kwa wingi? Kwa nini?
4. Mwombe mwenye pikipiki mmoja alete kadi yake darasani. Someni namba ya injini na ya chesisi, kisha mzilinganishe na zilizo kwenye pikipiki.
5. Je, ni haki mtu aliyelipa zaidi ya nusu kupoteza yote kwa sababu ya ugonjwa? Andikeni pamoja mkataba ambao nyote mngekubali kuutia sahihi.